Maswali ya Wasomaji: Mstari wa Andersonville

Tangu safu hii ijibu swali kuhusu maneno ya chumba cha habari, barua nyingi zimeuliza kuhusu neno moja la Kiingereza, deadline, ambalo leo lina maana ya muda wa mwisho wa kukamilisha kazi. Mwezi huu nimelipa nafasi yote. Barua nimezifupisha, ila hoja za walioandika nimeziacha kama zilivyokuja.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari. Mhadhiri wetu alisema neno deadline limetoka gerezani, eti mfungwa aliyechelewa kumaliza kazi yake alipigwa risasi. Darasa zima lilicheka. Je, ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Gereza ni kweli na risasi ni kweli. Kazi na kuchelewa vimepachikwa baadaye na watu waliolijua neno katika maana ya leo, wakaisukuma maana hiyo nyuma hadi mahali ambapo haikuwapo. Na kwa kuwa darasa lilicheka, nitakujibu kwa kirefu. Waliokufa katika habari hii wana makaburi, na makaburi hayo yana namba na majina.

Marekani ilikuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe tangu 1861. Julai 1862 pande mbili, Kaskazini na Kusini, ziliafikiana kubadilishana mateka, kwa hiyo askari aliyekamatwa aliweza kutumaini kurudi kwao baada ya muda si mrefu. Mwaka uliofuata mpango huo ulivunjika, na sababu kubwa ni kwamba majimbo ya Kusini yalikataa kuwahesabu wanajeshi weusi wa Kaskazini kuwa mateka wa vita kama wengine. Mateka wakaanza kurundikana pande zote mbili. Februari 1864 Kusini ikafungua kambi mpya katika jimbo la Georgia. Jina lake rasmi lilikuwa Camp Sumter, lakini ulimwengu umeijua kwa jina la kituo cha reli kilichokuwa jirani, Andersonville.

Lilikuwa boma la magogo ya misonobari yaliyochimbiwa wima, na ndani yake hamkujengwa mabweni. Watu walifukua mashimo na kuyafunika kwa blanketi na matambara. Boma lilikusudiwa wafungwa wapatao 10,000. Likapanuliwa mwezi Juni, lakini ilipofika Agosti walikuwa wamezidi 30,000, wote wakitegemea kijito kimoja kwa kunywa, kuoga na haja nyingine zote. Katika uhai wa kambi hiyo walipita humo wafungwa wapatao 45,000. Karibu 13,000 hawakutoka. Wengi waliuawa na kuhara na kiseyeye.

Sasa mstari wenyewe. Ndani ya boma, kandokando ya ukuta, kulizungushwa vigingi vifupi vilivyopigiliwa fito juu yake. Mkaguzi wa jeshi la Kusini, D. T. Chandler, aliueleza katika taarifa yake ya Agosti 1864: uko futi 20 hivi kutoka ukutani, yaani kama mita 6, na mfungwa haruhusiwi kuuvuka. Juu ya ukuta kulikuwa na madungu, na katika kila dungu alikaa mlinzi na bunduki yake. Aliyeuvuka alipigwa risasi. Uzio wenyewe usingemzuia mtu yeyote mzima, maana ulikuwa alama tu. Kizuizi kilikuwa bunduki iliyokuwa ikiuangalia kutoka juu.

Walinzi na wafungwa waliuita dead line, maneno mawili yaliyoandikwa mbalimbali. Mahali penye ajali nyingi palikuwa pale kijito kilipoingilia bomani. Maji yaliyopita katikati ya kambi yalikuwa machafu kupindukia, na yaliyo safi kidogo yalikuwa juu, karibu na mstari. Mwenye kiu alijinyoosha chini ya fito kuchota, na wapo waliokufa kwa kujinyoosha huko.

Kwa hiyo, mwanangu, mwambie mhadhiri wako kwa adabu zote kwamba neno hili halikuzaliwa na saa wala kalenda. Lilizaliwa likiwa mahali, kipande cha ardhi ambacho upande wake wa pili ni kifo. Hakuna mfungwa wa Andersonville aliyeuawa kwa kuchelewa. Waliuawa kwa kuweka mguu au mkono pasipotakiwa.

Lilifikaje nje ya boma? Hili ndilo ninalopenda wanafunzi wa habari walishike. Vita vilipokwisha, kamanda wa ndani wa gereza, Kapteni Henry Wirz, mzaliwa wa Zürich, alishtakiwa Washington mbele ya tume ya kijeshi iliyoongozwa na Jenerali Lew Wallace. Kesi ilianza Agosti 1865, na magazeti yaliiandika kwa upana. Hati ya mashtaka iliutaja mstari huo kwa jina lake, ikasema jambo ambalo kila nikilisoma linanisimamisha: kwamba katika sehemu nyingi ulikuwa mstari wa kufikirika tu, na katika sehemu nyingine ulionyeshwa kwa vipande vya mbao vilivyolegea juu ya vigingi visivyo imara. Maana yake ni kwamba mtu aliweza kuuvuka bila kujua kuwa ameuvuka. Wirz alinyongwa tarehe 10 Novemba 1865, na kufikia hapo neno lilikuwa limeshaingia katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuliona boma hilo.

Ungeniuliza darasa lako lisome nini badala ya kucheka, ningetaja kazi ya Dorence Atwater. Alikuwa kijana wa Connecticut, mfungwa humo humo, akapewa kazi ya kuandika orodha ya waliokufa. Akaweka nakala ya siri. Kiangazi cha 1865 yeye na Clara Barton, muuguzi mashuhuri wa vita hivyo, walikuwa miongoni mwa waliorudi Andersonville kuweka alama makaburini, na kwa sababu ya orodha ile makaburi yaliyobaki bila jina ni 460 tu kati ya maelfu. Kijana mmoja mwenye kalamu, aliyeketi upande mbaya wa mstari, aliwarudishia watu majina yao.

Mwalimu, mimi nafundisha historia sekondari. Nimesoma mahali kwamba Wirz ndiye aliyebuni mstari huo na jina lake. Naomba uthibitisho kabla sijaliandika ubaoni.

Usiliandike, ndugu yangu. Hati ya mashtaka ilisema yeye ndiye aliyeuweka mstari wa Andersonville, na mashtaka husema hivyo kwa mtu aliyeko kizimbani. Lakini Wirz alikuwa na wakubwa. Jenerali John H. Winder, aliyekuwa juu yake, alikufa Februari 1865, hivyo hakuishi kuulizwa chochote. Tena mistari ya namna hiyo haikuwa ya Kusini peke yake. Magereza ya Kaskazini, likiwemo la Rock Island huko Illinois, nayo yalikuwa na mstari ambao mfungwa hakutakiwa kuuvuka. Andersonville ndiyo iliyolitangaza neno, kwa sababu ya wingi wa waliokufa na kwa sababu ya kesi.

Unaweza kuwaambia wanafunzi pia kwamba ubishi juu ya mtu huyu haujaisha. Mwaka 1909 jumuiya ya mabinti wa askari wa Kusini ilimjengea mnara pale pale Andersonville, kwa kuamini alibebeshwa makosa ya wengine. Mimi sioni kwamba kubebeshwa makosa ya wengine kunamfuta mtu yaliyo yake.

Habari za kazi, Mama. Mimi ni msanifu kurasa. Fundi mmoja mzee wa matbaa aliniambia habari ya gereza ni hadithi tu, deadline ni mstari uliokuwa kwenye mtambo wa kuchapa. Nani mkweli?

Salama kabisa, na mpe fundi wako salamu, maana anachosema kipo. Kosa ni kudhani kwamba mmoja wenu akiwa mkweli lazima mwingine awe mwongo.

Watu hulisimulia neno hili kama treni isiyosimama njiani: limetoka gerezani, likashuka chumba cha habari. Katikati pana takriban nusu karne, na nusu karne hiyo ndiyo inayonivutia kuliko yote, kwa sababu neno halikulala. Lilikuwa likifanya kazi kila siku, na muda wote huo bado lilikuwa mpaka wa ardhini.

Chukua Dodge City, Kansas, katika miaka ya 1870, mji uliokuwa ukipokea makundi ya ng'ombe kutoka Texas. Reli iliukata mji vipande viwili, na watu waliita reli hiyo Deadline. Kaskazini yake ilikuwa marufuku kutembea na bunduki. Kusini yake kulikuwa na vilabu na madanguro, na sheria ililegezwa. Huko huko Kansas kulikuwa na mstari wa karantini ambao ng'ombe wa Texas hawakuruhusiwa kuuvuka kwenda mashariki, kwa kuogopa homa iliyoua mifugo ya wakulima, homa ambayo baadaye ilithibitishwa kuwa huenezwa na kupe. Huo nao uliitwa deadline, na ulisogezwa magharibi kadiri wakulima walivyozidi kujaa.

Mwaka 1880 likahamia jijini. Thomas Byrnes, mkuu wa wapelelezi wa polisi New York, alichoshwa na wezi waliokuwa wakizivamia benki za Wall Street. Akatoa amri kwamba mhalifu yeyote anayejulikana, akionekana kusini ya mtaa wa Fulton, akamatwe hapo hapo, hata kama hajaiba kitu siku hiyo. Mtaa wa Fulton ukawa dead line. Angalia kilichobadilika: adhabu imeshuka kutoka risasi hadi pingu. Neno limeanza kupoa, ingawa bado unaweza kulikanyaga kwa mguu.

Halikupoa kila mahali. Huko Wyoming wafugaji wa ng'ombe waliwawekea wafugaji wa kondoo mipaka ya malisho, wakaiita deadlines, na hakuna serikali iliyowapa mamlaka hayo. Usiku wa tarehe 2 Aprili 1909, karibu na Ten Sleep, watu waliofunika nyuso waliivamia kambi ya wachunga kondoo waliokuwa wameuvuka mpaka huo. Watatu waliuawa. Hiyo ni miaka 45 baada ya Andersonville, na neno bado linaua kwa maana yake ya kwanza.

Sasa njoo kwenye mtambo wa fundi wako. Katika mitambo iliyochapa kwa silinda, herufi za madini ya risasi zilipangwa, zikafungwa kwenye fremu ya chuma, zikalazwa juu ya meza ya mtambo, kisha silinda iliyobeba karatasi ikapita juu yake. Silinda haifiki kila pembe ya meza. Kwa hiyo mezani paliwekwa mstari wa kumwongoza fundi, na herufi zilizopita hapo hazikuchapika. Huo ndio uliokuwa deadline ya mafundi, na kamusi kubwa za Kiingereza zinaitambua maana hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Nimefanya kazi na wazee walioanza na herufi za risasi, na nilipenda jinsi walivyoweza kusoma ukurasa kinyumenyume kwa vidole. Neno la mtambo kwao lilikuwa neno la siku zote.

Karibu na miaka hiyo hiyo ndipo maana ya wakati inapojitokeza katika vyumba vya habari vya Marekani, na kufikia 1920 ilikuwa imeota mizizi. Gazeti la jiji wakati huo lilitoa matoleo kadhaa kwa siku moja, na kila toleo lilikuwa na treni yake ya posta au mikokoteni yake ya kuliwahi. Habari iliyofika baada ya kurasa kufungwa haikuwa na pa kwenda. Ilikuwa imepita mstari, kama herufi zilizopita mstari wa mezani, na wakubwa wa chumba kile walikuwa watu walioyajua magereza, Wyoming na mtaa wa Fulton kwa kuyasoma na kuyaandika. Sidhani walichagua chanzo kimoja wakaacha kingine. Mstari wa mtambo uliwapa picha ya kazi, na mstari wa boma ulikuwa umeshalipa neno ukali wake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mpaka ulitoka ardhini ukahamia kwenye saa ya ukutani.

Kwa hiyo mwambie fundi kwamba mstari wake ni daraja la kweli. Ila kabla ya daraja kulikuwa na barabara ndefu, nayo ilipita Georgia.

Mwalimu, kama dead ni kufa, mbona deadlock si kifo cha mtu? Na je, hakuna uwezekano kwamba dead ya deadline pia haihusiani na kifo?

Swali zuri sana, na limenifanya nitoe kadi zangu za zamani kabatini. Katika maneno ambatani ya Kiingereza, dead ina sura zaidi ya moja. Sura ya kwanza ni ya kifo chenyewe. Ya pili ni kutotikisika: kitu kilichosimama kabisa, kisichosogea wala kuitika. Ndiyo iliyomo katika deadlock, yaani mkwamo ambao kila upande umeshikamana na mwingine hata hakuna anayeweza kusogea. Neno hilo linaonekana katika tamthilia ya Sheridan ya 1779. Deadweight, uzito usiojisaidia, ni ya ukoo huo huo. Sura ya tatu ni ukamilifu au usahihi: dead centre ni katikati hasa, bila kuyumba upande wowote.

Na hapa una haki zaidi ya unavyojua. Kabla ya Andersonville wavuvi wa Kiingereza walikuwa na dead line yao, kamba ya ndoana iliyotulia majini bila kukimbia. Hiyo ni dead ya sura ya pili, na haina marehemu. Basi umbo la neno lilikuwepo. Lakini mstari wa gerezani haukurithi kitu kutoka kwa kamba ya mvuvi, maana hauhusiki na kutulia wala kukimbia. Ni sehemu mbili zile zile zilizokutana mara ya pili kwa sababu nyingine kabisa. Jambo hili hutokea mara nyingi katika maneno ambatani, na ndiyo sababu huwasihi wanaopenda asili ya maneno wasiridhike kuona tarehe ya zamani zaidi. Ya zamani zaidi inaweza kuwa ya ukoo mwingine.

Maandishi nayo yanaonyesha jinsi sehemu mbili zilivyozoeana. Kwanza yaliandikwa maneno mawili, kisha yakaunganishwa kwa kistari, mwisho yakawa neno moja. Mkazo ukahamia mwanzoni, kwenye dead, na line ikabaki kutamkwa kwa unyonge. Mkazo ukishakaa hivyo, masikio huacha kuzisikia sehemu na kusikia neno zima. Nadhani hapo ndipo kifo kilipopotea masikioni mwa watu, kabla hakijapotea katika maana.

Sura ya pili imeibuka tena jeshini. Katika jeshi la Marekani, gari lililoharibika na kuondolewa kazini husemwa limekuwa deadlined. Hapo neno limekuwa kitenzi, na linachosema ni kwamba gari halitembei.

Je, dateline na headline ni ndugu za deadline?

Hapana. Line ya headline, dateline na byline ni mstari wa maandishi kwenye ukurasa: kichwa cha habari, mstari wa mahali na tarehe, na mstari wa jina la mwandishi. Line ya deadline ni mpaka. Zimekutana chumba kimoja cha kazi, basi.

Shikamoo Mama. Mimi ni mtafsiri, na Jumatatu natakiwa kukabidhi tafsiri yenye neno hilo kwenye ukurasa wa tatu na wa tisa. Nikikuta deadline niandike makataa, tarehe ya mwisho, muda wa mwisho au siku ya mwisho? Na baada ya yote uliyosema, unaona tuendelee kulitumia neno lenyewe la Kiingereza?

Marahaba, binti yangu. Siku ya mwisho iache, kwa sababu msomaji wetu akiisikia anakumbuka Kiyama, na huwezi kumletea Kiyama katika tangazo la kuomba kazi. Tarehe ya mwisho inafaa panapotajwa tarehe, na muda wa mwisho unafaa panapotajwa saa. Makataa mimi nayapenda kwa jambo lenye kishindo: serikali inapowapa watu siku saba, au chama kinapompa mwajiri hadi Ijumaa. Neno lina ukali wa shauri lililokwisha kukatwa. Lakini ukiliandika kwa kila fomu ya shule utalichosha.

Kuhusu kulitumia lile la Kiingereza, sikukatazi wewe wala mtu yeyote. Nililisikia likitamkwa juu ya kichwa changu kila usiku wa kazi, na nilikuwa nikilitamka mwenyewe. Ninachokataa ni kuifanya habari ya Andersonville kichekesho cha kuwatisha wanaochelewesha makala. Ukipewa nafasi ya kueleza asili yake darasani au kwenye semina, eleza boma, eleza kijito, mtaje Atwater na orodha yake. Dakika tano zinatosha. Kisha rudini kwenye kazi yenu, na tafsiri ile uliyoniambia unatakiwa kuikabidhi Jumatatu, andika "tarehe ya mwisho" kwenye ukurasa wa tatu na "makataa" kwenye ule wa tisa.